Nanga Iliyopanda Mlima

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri risasi za kwanza ziliposikika upande wa kaskazini wa mji. Naijua saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimeamka kutafuta taarifa ya habari, na redio ilikuwa bado inakoroma. Nilipofungua mlango, watu wa Kalundu walikuwa tayari njiani kuelekea kusini, njia ya kwenda Baraka, magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu. Jirani yangu alitoka kwenye kiwanja chake, parseli kama tunavyoita, amekumbatia ubao. Hakubeba kitu kingine chochote. Mkewe alimfuata na mzigo wa nguo, sufuria mbili na nusu mfuko wa unga, akisema kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia:

"Mutazame bwana yangu! Vita imekuja, yeye anakimbiza muke mwenzangu."

Tulicheka, hata wale waliokuwa wakilia.

Ubao ule ulikuwa nanga, ala ya nyuzi inayojulikana kuanzia bonde la Ruzizi hadi milima ya Lemera. Ni kipande cha mti kilichochongwa kama sahani ndefu, na juu yake uzi mmoja unapitishwa huku na huku mpaka unakuwa nyuzi nane. Mpigaji huilaza mapajani na kuimba kwa kunong'ona, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Lakini Kalundu ni bandari, na kwa watu wa bandari nanga ni kile chuma kinachozuia boti isichukuliwe na maji. Kwa hiyo wageni waliohamia mtaani na kutusikia tukimwita jirani huyo Mzee wa Nanga walidhani ni baharia aliyestaafu. Wapo waliogonga mlango wake kuulizia bei ya kamba.

Kweli alifanya kazi bandarini, ila kazi ya mgongo. Alipakua saruji, chumvi na mapipa ya mawese kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote niliyemjua pale. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na sikuwahi kuelewa jinsi vidole vile vilivyoweza kugusa uzi kwa wepesi.

"Kule kwetu", yaani milima ya Lemera, ndiyo maneno yaliyoanza nusu ya sentensi zake. Kule kwetu mto ni baridi mpaka meno yanauma. Kule kwetu ukungu unaingia nyumbani bila kubisha hodi, na ng'ombe unawasikia wakikohoa kabla hujawaona. Kule kwetu mianzi ikivuma, mchungaji anasikiliza kwanza, ndipo anachagua ule wa kukata filimbi. Alieleza kwamba zamani, kwenye boma la chifu, wapiga nanga walipokezana kuanzia jua linapozama, na kila mlima ulikuwa na nyimbo zake, hata mpita njia aliweza kujua amefika kwa nani kwa kusikiliza tu. Mpigaji alipofariki, ala yake ilitundikwa chini ya paa, juu ya moshi wa jiko, ikangoja mpaka apatikane mtu wa nyumba ile atakayejifunza.

Ilinichukua miaka kugundua kwamba hakuikumbuka nchi hiyo kwa macho yake mwenyewe. Aliteremshwa kutoka mlimani akiwa mgongoni kwa mama yake. Yote aliyotueleza aliyapata kwa baba yake. Siku nilipomuuliza waziwazi, hakukasirika.

"Weye umeshaona Yerusalemu?"

"Hapana, Muzee."

"Na unaimbaka juu yake kila siku ya Mungu."

Kuhusu Kalundu alisema anangoja tu. Alingoja zaidi ya miaka thelathini. Hakupanda mti hata mmoja, kwa maelezo kwamba mti ni wa mtu anayebaki. Alipanda lengalenga na maharage, vitu vinavyoisha kwa msimu. Nyumba yake haikupakwa saruji, naye alibeba saruji kila siku. Mkewe alipanda parachichi nyuma ya choo bila kumwambia. Mti ulikua, ukazaa, na Mzee akala matunda yake miaka na miaka bila kuuliza yametoka wapi.

Lakini nyakati ambazo njia ilikuwa wazi, hakwenda. Kabla ya vita magari yalipanda Lemera, na watu wa mtaani kwetu walikwenda na kurudi kwa mambo madogo kabisa: mbuzi, mchumba, dawa. Yeye alikuwa na sababu kila mara. Mvua, goti, zamu bandarini. Vijana walimtania: "Muzee, kwenu iko mbali kuliko Ulaya."

"Ulaya watakuuliza paspoti," alijibu. "Kule watanipa nanga mukononi, waniambie: piga."

Tulicheka tukidhani ni majigambo.

Aliwakemea watoto wake kwa kuchanganya Kifuliiru, lugha ya milimani, na Kiswahili, na aliwakemea kwa Kiswahili. Aliimba kwenye kwaya ya kanisa lakini hakukubali nanga iingie kanisani. Alisema humo watu wanaimba kwa sauti kubwa mno. Kwenye matanga alikaa pembeni bila kula, akapiga toka mchana mpaka watu waanze kusinzia, kisha akaondoka bila kuaga. Mtu akimsifu alitikisa kichwa. Mtu akimkosoa alinuna. Mkulima mmoja wa bonde la Ruzizi, Mrundi aliyeleta nyanya Kalundu, aliwahi kusimama kumsikiliza, akamwambia kwa upole kwamba nanga ile inalia kigeni. Mzee akamjibu kuwa ya Warundi ni ya Warundi, na kwa muda mrefu nyumba ile haikununua nyanya kwa mtu yule.

Namna alivyojifunza ilikuwa ya pekee, nami nataka kuieleza sawasawa, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Alijifunza bila nanga. Baba yake aliposhuka kutafuta kazi aliiacha ala yake ikining'inia kule juu, na huku ziwani kikohozi alichoshuka nacho kikamlaza. Akiwa amelala, alimfundisha mwanawe kwenye ubavu wa kitanda: kidole hiki hapa, kile pale, nyimbo zote juu ya mbao kavu. Maneno alimnong'oneza, kwa kuwa nanga huimbwa hivyo, na pia kwa kuwa pumzi yake haikutosha kwa zaidi. Mwishoni alimwachia sentensi ya kulinganishia nyuzi. Ni ya Kifuliiru, silabi nane, na maana yake ni "ng'ombe mwekundu amevuka mto". Kila uzi una silabi yake. Unaisema sentensi kama watu wanavyoisema, nawe unakaza au kulegeza kila uzi mpaka ufuate mdomo. Baba alipofariki, kijana akapata ubao wa mtumbwi uliovunjika, akauchonga, akafunga uzi wa kushonea nyavu, akasema sentensi, akalinganisha. Tangu siku ile hakubadilisha. Kwa watoto waliozaliwa Kalundu, ile ndiyo ilikuwa sauti ya nanga. Kwangu pia.

Mkewe ndiye pekee aliyethubutu kumkatiza akipiga. Alizaliwa Kalundu, mtoto wa wavuvi, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwenye kifua na ulimi. Mzee akichelewa kula, alisimama mlangoni na mwiko:

"Basi muambie muke mwenzangu akupikie bugali."

"Huyu hapigi kelele bila kuguswa," Mzee alijibu, bila kuinua macho.

Baada ya vita vile vya kwanza tulirudi Kalundu, na katika vita vya pili mama huyu alishikwa na kuhara siku ambazo barabara ilikuwa imefungwa na boti hazikuleta dawa. Hakudumu. Kwenye matanga yake watu wote walimtazama Mzee. Nanga ilikuwa ukutani, imefungwa ndani ya kitenge. Alikaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti. Mwishowe mmoja wa wazee wa kanisa alimsogelea.

"Muzee, hata moja tu?"

"Wimbo wa muke hauimbwi ugenini. Nitamuimbia kule."

Shemeji yake, mvuvi, aliinuka. "Dada yetu alizaliwa hapa, amekufa hapa. Ugeni huo ni wa nani?"

Mama yule alizikwa bila wimbo wa mume wake, na Kalundu haikulisahau jambo hilo. Tangu wakati huo sikumsikia tena Mzee akisema kwamba anangoja. Alisema: "Sijamuimbia." Alilisema bandarini, alilisema kanisani, aliniambia mimi kwenye kiduka changu cha misumari huku akigeuzageuza bawaba mkononi.

Watu wa milimani walipoanza kuteremka kwa maelfu na kulala mashuleni, Mzee alikwenda kila shule. Hakuuliza habari za vita. Aliuliza kama kuna mpiga nanga aliyebaki. Nilimfuata siku moja. Mwanamke aliyetoka upande wa Lemera alimtazama sana kabla ya kujibu.

"Muzee, watoto wangu wamebaki wawili. Mambo ya nanga sijui."

Ulipopatikana utulivu kidogo, alinijia dukani amevaa koti. "Weye unajua kusoma karatasi za bariyeri. Twende."

Tulipanda lori la kwenda kaskazini, tukateremka kwenye njia panda ya Lemera, tukaanza kutembea. Kwenye bariyeri ya kwanza, kizuizi cha mapipa barabarani, askari mmoja alifungua kitenge, akaigeuza ile ala mara mbili.

"Iko nini hii?"

"Nanga."

"Nanga?" Aliwaita wenzake. "Kuyeni muone! Ziwa iko kule chini, huyu muzee anapanda na nanga ku mulima. Boti yako iko wapi, Muzee?"

"Labda ni Nuhu," mwingine alisema.

"Ni ya muziki, mwanangu."

"Basi piga."

Alipiga akiwa amesimama, nanga ameiegemeza kwenye pipa la kizuizi. Yule askari wa kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akaifunga tena yeye mwenyewe katika kitenge kwa uangalifu. "Iko muzuri," alisema. "Pita." Kwa mwendo uliofuata Mzee alitembea mbele yangu, na goti halikutajwa.

Mto ulikuwa pale alipokuwa akiuweka siku zote katika masimulizi yake, kushoto kwa njia, chini ya jiwe kubwa. Alichota maji kwa kiganja, akanywa, akashika taya. "Yanauma!" alisema, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa kijana. Ukungu nao ulikuja, kama alivyosema. Mianzi ilikuwa imekatwa, imebaki visiki. Mahali pa nyumba palibaki miraba ya udongo mweusi iliyoota magugu. Paa zote zilikuwa zimeteketea. Sikuuliza nanga zilizotundikwa chini yake zilikwenda wapi.

Tulimkuta bibi mmoja kwenye kibanda cha shitingi, yale maturubai ya wakimbizi. Mume wake ndiye aliyekuwa mpiga nanga wa mwisho wa mlima ule, na aliuawa siku nyumba zilipochomwa. Alijua Kiswahili kwa sababu alikuwa amekaa miaka ya ukimbizi bondeni. Mzee alipomtajia baba yake, alimshika mkono.

"Ni weye mutoto wa ule mwenye kukohoa?"

Alitupa viazi vya kuchemsha. Alituonyesha mraba mmoja wenye magugu, akamwambia Mzee kwamba pale ndipo kwao, ajenge akitaka, hakuna wa kumkataza. Mzee alishukuru. Kisha alifungua kitenge. Baridi ilikuwa imezilegeza nyuzi, kwa hiyo aliinama, akasema ile sentensi ya baba yake, akaanza kulinganisha.

Bibi aliweka mkono mdomoni. Alikuwa anacheka.

"Rudia, baba."

Mzee akarudia.

"Nani alikufundisha kusema hivyo? Unasema kama redio."

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na nadhani nimelielewa. Sisi watu wa ziwani tunasema kila neno kwa kukandamiza silabi iliyo kabla ya mwisho, ndivyo Kiswahili kilivyotuzoeza. Kifuliiru hakitembei hivyo. Kinapanda na kushuka, na kupanda kwake na kushuka kwake ni sehemu ya maneno. Lakini mtu anayenong'ona hapandi wala hashuki. Mnong'ono una maneno tu. Mgonjwa alimpa mwanawe sentensi kamili isiyo na sauti, na mwana akaijaza sauti aliyokuwa nayo, ya Kalundu. Kisha akafunga nyuzi nane kwa sauti hiyo na kutuzoeza sote.

Bibi aliisema yeye. Mimi sijui lugha ile vizuri, lakini nilimsikia ng'ombe akiteremka ukingoni, akiingia majini, akipanda ng'ambo. Katika sentensi ya Mzee, ng'ombe alikuwa akitembea barabarani.

Mzee hakubisha. Alimwomba aseme tena, silabi moja moja, naye akafuata uzi kwa uzi. Uzi wa tatu ukapanda. Wa sita ukashuka sana. Walipofika wa nane, Bibi alifumba macho. "Sasa iko nanga," alisema. "Imba."

Nilijua ni wimbo upi atakaoanza nao. Alinong'ona jina la mkewe, akagusa nyuzi. Vidole vilikwenda palepale vilipokwenda maisha yake yote, na nyuzi zikajibu kitu kingine. Aliacha. Alianza upya. Mara ya tatu aliishia katikati ya mstari, akaweka kiganja juu ya nyuzi zote kuzinyamazisha.

"Mama, nisaidie. Bwana yako alipigaka wapi hapa?"

"Nyimbo zake minye nilizisikia, sikuzipiga," Bibi alisema. "Vidole vyake alienda navyo."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yote. Mlimani kulikuwa na sauti sahihi isiyokuwa na nyimbo, na Mzee alikuwa na nyimbo zote kwa sauti isiyo sahihi, na kati ya hizo mbili hapakuwa na mtu aliye hai wa kuuliza.

Asubuhi nilijiandaa kuteremka. Mzee alikuwa amekaa kwenye ule mraba wao, kati ya magugu, nanga mapajani, akitafuta.

"Nenda," aliniambia. "Minye nabaki."

Nilidhani hatimaye amerudi kwao, na niliposimulia Kalundu watu walifurahi, isipokuwa shemeji yake.

Alirejea baada ya miezi kadhaa, vita viliposogea tena upande ule. Alikuwa amekonda hadi shingo ilionekana ndefu. Nilimuuliza habari za kule. "Kule ni kuzuri," alisema tu. Nilisubiri aseme "kule kwetu". Hakusema, wala sikumsikia akilisema tena. Alichotaka ni mabenchi. Alinituma kanisani kuyaazima. Alikuwa anaita watu kwenye matanga ya mkewe, miaka kadhaa baada ya kuzikwa.

Walikuja wengi. Ilikuwa alasiri, jua kali, maharage na ndagala vinachemka nyuma ya nyumba. Shemeji alikuja na watoto wake wote, akakaa mbele, mikono kifuani. Kwetu Kalundu wimbo wa matanga ukikugusa unainuka na kutia noti ya pesa ndani ya nanga, chini ya nyuzi. Kwenye matanga ya watu wengine nilishamuona Mzee akikatiza wimbo ili azitoe, kwa sababu karatasi zilikuwa zinakwaruza sauti.

Alianza. Nyuzi zilikuwa za mlimani. Alikuwa ameutafuta wimbo ule mpaka ameupata, ama karibu ameupata; vidole vilikwenda polepole, kama mtu anayevuka chumba chenye giza, na kila vilipofika palikuwa pageni. Watu walivumilia mstari wa kwanza. Kwenye wa pili nilisikia mama mmoja nyuma yangu akisema, "Masikio ya Muzee yamekufa." Kijana mmoja aliguna. Kisha shemeji akasema kwa sauti, si kwa ukali, karibu kwa kubembeleza:

"Shemeji, zirudishe nyuzi zako. Muimbie dada vile alizoea."

Ingechukua muda mfupi sana. Kulegeza wa tatu, kukaza wa sita, na nusu ya parseli ile ingekuwa inalia. Mzee alisimamisha mkono. Alinitafuta kwa macho kati ya watu.

"Weye, unasikia aje?"

"Vibaya, Muzee."

"Minye pia," alisema.

Akainama, akaendelea kumnong'oneza mkewe mpaka mwisho wa wimbo, na hakubadilisha uzi hata mmoja. Watu walikula, wakaaga, wakarudisha mabenchi. Nilipomsaidia kuinuka, nanga iliteleza mapajani, na kilichokuwa ndani yake kikaanguka mchangani: noti moja tu ya franga mia mbili, bei ya misumari michache.